Saa Nzima ya Kumtazama Mtoto

Tarehe 6 Februari

Shikamoo Mkongwe,

Nimefika chuoni salama, na nimepewa kitambulisho chenye picha inayonifanya nionekane kama mtu aliyepotea na ndugu zake wanamtafuta. Darasani ni watu wazima watupu. Yuko afisa wa mahabusu ya watoto, yuko mlezi wa kituo cha yatima, yuko bwana mmoja wa mahakama ya familia ambaye anasinzia akiwa ameshika kalamu wima. Sote tuna kazi zetu, sote tumeomba ruhusa ya nusu nusu: siku tatu ofisini, siku mbili darasani. Mimi wamenishikiza kwenye ofisi yetu ndogo ya ustawi huku, chumba kimoja, mlango unafungwa kwa kuuegemezea kiti.

Ulisema nikuandikie, maana simu kwako ni kitu cha kuletewa mabaya tu. Haya, naandika. Dereva wetu ameahidi kuwa tarishi kila akija huku makao makuu. Anasema hatasoma. Maana yake atasoma.

Sasa sikia maajabu. Somo kubwa la mwaka huu ni kunyamaza. Sifanyi utani. Kila mwanafunzi anatafutiwa familia yenye mtoto mchanga, familia isiyo na shida, isiyo kwenye faili la mtu yeyote. Anakwenda mara moja kwa wiki, anakaa kwenye kiti saa nzima, anamtazama mtoto. Basi. Haulizi, hashauri, hampakati mtoto, haandiki chochote akiwa pale. Akirudi kwake ndipo anaandika alichokiona, na Ijumaa anawasomea wenzake. Mhadhiri wetu ni mama mwembamba anayezungumza kama anaogopa kuamsha mtu. Anasema sisi maafisa tunaingia nyumba za watu mdomo umetangulia, tunaona faili, mtoto hatumwoni. Halafu akaongeza kwamba ukiona mtoto yuko hatarini, uanafunzi unakoma palepale, wewe ni afisa. Sote tukatikisa vichwa. Nani hajui hatari akiiona?

Muuguzi wa kliniki amenipatia familia. Mama ni fundi cherehani, anashonea nyumbani, chumba na sebule. Mume anaendesha malori ya safari ndefu, nimemjua kwa picha ya ukutani. Mtoto ni wa kiume, miezi mitatu, ana tumbo, hana shingo, na anatazama dari kama mbunge anayesubiri zamu yake ya kuchangia. Nimempa jina Mheshimiwa. Nilipomweleza mama ninachokuja kufanya, alicheka.

"Dada Afisa, yaani utakaa tu?"

"Nitakaa tu."

"Na hutanisema?"

"Sitakusema."

Akachukua ufagio akaanza kufagia mahali palipokwisha fagiliwa.

Mimi, niliyekuwa nikiwafokea akina baba mpaka wakaomba maji ya kunywa, nitakaa tu. Niombee.

Wako,
Msomi (jina ulilonipa mwenyewe)


Tarehe 20 Februari

Marahaba, Msomi.

Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi nzuri kuliko ya ofisi. Dereva ameniuliza kama kweli picha yako ni mbaya kiasi hicho.

Nimerithi faili zako zote. Meza yangu haionekani, nimeanza kuandikia magotini. Yule baba aliyesema hatamchukua mwanawe hata kwa bunduki amekuja mwenyewe, amenyoa, anamtaka mtoto. Usinipigie makofi, sikufanya kitu. Nadhani ni kunyoa ndiko kulikomsaidia.

Sikiliza la maana. Mkuu wetu anaondoka mwakani, na kiti chake safari hii kinataka mtu mwenye shahada ya uzamili. Tukikukosa wewe, wanatuletea kijana wa makao makuu mwenye viatu vya kuchongoka. Kwa hiyo usilete ushujaa huko. Wakikwambia nyamaza, nyamaza. Wakikwambia simama kwa mguu mmoja, uliza upi. Urudi na cheti.

Nyumbani kwangu hakulaliki. Mwanangu amemleta mke wake na kitoto chao cha kike mpaka atakapopata kazi nyingine. Mjukuu ana sauti ya muadhini na hana saa. Mkwe wangu amekonda, anatembea ameshika kuta. Namwonea huruma, lakini kila nikimshauri ananitazama kama nimemshushia faili.

Dumu huko.

Mkongwe


Tarehe 19 Machi

Shikamoo Mkongwe,

Nimeanza kuiva. Wiki za kwanza niliuma ulimi mpaka nikahisi ladha ya chuma. Mtoto ananyonya vibaya, nanyamaza. Nepi imefungwa kama mzigo wa sokoni, nanyamaza. Sasa nakaa kama kabati.

Wiki iliyopita kulitokea jambo dogo ambalo darasani limenifanya mtu mkubwa. Fundi alikuwa na kazi nyingi, na Mheshimiwa siku hiyo alikuwa mkorofi, anataka kubebwa. Mama akashusha chupa ya dawa ya mafua kutoka juu ya kabati, akamimina kijiko. Mafua yenyewe sikuyaona, lakini mimi si daktari. Kijiko kilipokaribia mdomo wa mtoto, akasita. Akanitazama. Si kwa kupitisha macho, Mkongwe. Alinitazama kama mtu aliyebisha hodi na anasikia kuna watu ndani. Mdomo wangu ukaanza kufunguka wenyewe. Nikaufunga, nikayarudisha macho kwa mtoto, kama tulivyofundishwa. Basi akampa. Baada ya muda Mheshimiwa akafanya kama wafanyavyo waheshimiwa wote, akalala kikaoni.

Ijumaa nikasoma. Mhadhiri akavua miwani. "Hapo ulipoufunga mdomo," akasema, "ndipo ulipoanza kusoma." Mkongwe, nina miaka arobaini na tatu na nilitaka kulia kama mtoto aliyepewa nyota kwenye daftari. Kisha tukayajadili macho ya yule mama. Mmoja alisema anatafuta mtu wa kuushuhudia umama wake. Mwingine akasema ni upweke, mume hayupo. Bwana wa mahakama aliamka akasema ni mamlaka, akalala tena. Maneno mazuri sana yalisemwa. Kijiko chenyewe hatukukifikia, muda uliisha.

Tangu siku hiyo nyumba ile ina amani. Mama anashona, mtoto amelala, mimi kabati. Ukipita nje utadhani hakuna mtu ila mashine.

Msalimie mkwe. Mwambie hata wasomi hawalali.

Msomi


Tarehe 2 Aprili

Marahaba, Msomi.

Hongera kwa kuvuliwa miwani. Huku hakuna anayevuliwa kitu.

Nina swali moja, na ni la kibabu, si la kiofisi. Hiyo dawa anayopewa Mheshimiwa ni ipi? Chupa gani, rangi gani? Jana mkwe wangu alikaa sakafuni jikoni akasema, "Baba, nitamtupa huyu mtoto." Kisha akashtuka kwa alichokisema, tukashtuka sote. Najua wewe na mimi tungemwandika nini mama mwingine akisema hivyo. Lakini huyu ni wa kwangu, ananipikia, ni mtoto mzuri. Anahitaji usingizi wa siku mbili tu.

Uliza kijanja.

Mkongwe


Tarehe 16 Aprili

Shikamoo Mkongwe,

Kwa hiyo sasa mimi ni duka la dawa. Siruhusiwi kuuliza, lakini macho hayajakatazwa. Ni chupa ya kahawia, karatasi ya manjano, ina picha ya mtoto anayecheka. Dawa yenyewe ni nyekundu na ina harufu ya pipi. Inauzwa kila duka. Usiseme mimi ndiye niliyekuandikia.

Mheshimiwa anaendelea na utumishi wake. Ana miezi mitano. Mama amemfungia kamba yenye vifungo vya rangi rangi juu ya kitanda ili avifikie. Havifikii. Anavitazama kidogo, macho mazito, halafu anageuka ukutani. Nimeandika kwamba ni mtoto asiye na pupa.

Ijumaa yule mwenzangu wa mahabusu ya watoto, mama mmoja asiye na maneno mengi, aliniuliza, "Huyu mtoto hulia saa ngapi?" Nikapekua kurasa zangu za hivi karibuni. Hakuna mahali analia. Mhadhiri akauliza mimi mwenyewe nalionaje hilo. Nikasema huenda ni mtoto aliyekwisha elewana na mama yake, hana la kudai. Nilihisi nimesema kitu. Wenzangu walikiandika. Mama wa mahabusu hakukiandika, lakini yule ana wivu, alama zake ni za kuokoteza.

Mjukuu analala sasa?

Msomi


Tarehe 14 Mei

Msomi,

Samahani kwa kuchelewa. Mjukuu alilazwa kidogo. Homa tu, za watoto hizi. Ametoka. Mkwe amemchukua amekwenda kupumzika kwa mama yake, na mwanangu amewafuata. Nyumba iko kimya.

Barua zijazo tuachane na habari za watoto kulala, zimenichosha. Niandikie za mitihani.

Ila huyo Mheshimiwa wako, siku moja ivunje hiyo sheria yao. Mpakate. Mwamshe, umchezeshe, aone watu. Si vizuri mtoto akae hivyo.

Mkongwe


Tarehe 4 Juni

Shikamoo Mkongwe,

Pole kwa mjukuu. Lakini wewe nawe, uzee umekufikia! "Mpakate." Ni wewe uliyeniambia nisimame kwa mguu mmoja. Nikimpakata tu, kazi yote ya tangu Februari inatupwa, naanza na familia nyingine, na kile kiti anakikalia mwenye viatu vya kuchongoka. Nimewasomea wenzangu maneno yako bila kukutaja. Tulicheka. Mhadhiri alisema ndivyo ilivyo kiu ya kuokoa, haimwachi mtu hata akizeeka kazini.

Kwa fundi ni msimu wa sare za shule. Kaptula zimepangwa mpaka dirishani, chumba kimekuwa bluu. Kijiko sasa, anasema mwenyewe, ni asubuhi na mchana. Tena hanitazami anapomimina. Nimeandika kwamba amenizoea, ameanza kujiamini kama mama. Ripoti ya muhula imepata alama ya juu kuliko zote.

Nikwambie moja. Jumanne Mheshimiwa alivuta pumzi, halafu ya pili ikakawia. Nikajikuta nimenyanyuka nusu kwenye kiti. Mama akageuka kutoka kwenye mashine akaniuliza kama nataka maji. Pumzi ikaja. Nikasema hapana, asante, nikakaa. Darasani sijalisoma hilo. Lingeonekana kama kiu.

Wiki mbili zijazo ni mitihani, sitakwenda kule. Nikimaliza nitakwenda.

Msomi


Tarehe 22 Juni

Kwa Dada Afisa,

Salamu. Naandika nikiwa kituo cha polisi, karatasi nimepewa na askari wa kike, ni mtu mwema. Barua ataileta jirani yangu. Kama mwandiko ni mbaya utanisamehe, nimezoea chaki na kitambaa.

Mtoto amefariki. Ilikuwa mchana, nilikuwa naweka vifungo kwenye shati la mwisho. Niligeuka nimwambie, "Baba, tumemaliza." Nilidhani amelala.

Hospitali waliniuliza nilimpa nini, nikawaambia. Sikuficha kwa sababu sikujua kama ni kitu cha kuficha. Daktari akatazamana na muuguzi. Kisha wakaja hawa.

Wananiuliza nani aliniambia nimpe. Nimewajibu ukweli, kwanza ni jirani, lakini mimi jirani sikumwamini. Anapenda kujua kila kitu. Nilikusubiri wewe. Siku ile nilimimina mbele yako makusudi na nikakutazama. Nilisema moyoni, akikunja uso tu, naacha. Hukukunja uso. Wiki iliyofuata ukaja tena, hukusema kitu. Nikasema huyu ni mtu wa serikali, kazi yake ni watoto, amesoma mpaka anaongeza kusoma. Kama ni vibaya angesema. Majirani walipouliza niliwaambia, mimi afisa ananiona kila wiki.

Sasa hawa hawaniamini. Mpelelezi anasema hakuna afisa anayekwenda nyumba ya mtu kukaa tu bila kusema neno. Anasema nimekutunga. Dada, njoo uwaambie upo. Uwaambie ulikuwa unaniona na sikuwa mama mbaya.

Hawajaniruhusu kwenda kumzika.

Ni mimi mama yake


Tarehe 25 Juni

Mkongwe,

Mheshimiwa amekufa. Alikuwa na jina lake, zuri, nililijua siku zote, nikakuandikia hilo la utani. Ni ile dawa. Mama yake yuko mahabusu na polisi hawaamini kwamba mimi nipo.

Nimekwenda hospitali kwanza, polisi bado sijafika. Daktari wa watoto aliniambia kwamba hiyo chupa anaijua. Mwezi wa tano aliletewa mtoto wa kike kwa gari la wagonjwa, kutoka upande wetu, pumzi zake zikikatika, alipewa dawa hiyohiyo. Yule walimuwahi. Alikuwa na babu yake, akasema, mzee wa ofisi ya ustawi, mtu wa adabu sana, alikuwa hatoki kwenye kona.

Ulikuja mji huu, Mkongwe. Ukarudi bila kunisalimia. Ile ilikuwa homa gani?

Chuo kinasema niliyoyaandika ni ya darasani, na ya darasani hayatoki. Mhadhiri alilia kweli, kisha akasema nisifanye haraka. Mkuu wetu amenipigia simu, anasema mimi sikuwa kazini pale, nilikuwa mwanafunzi, kwa hiyo ofisi haikuwepo. Sijawahi kupewa ruhusa ya kunyamaza na watu wengi hivi.

Nijibu kwa mkono wako.

Mimi


Tarehe 30 Juni

Dada yangu,

Nimeandika barua hii mara nyingi. Hii ndiyo fupi.

Ndiyo. Nilinunua mwenyewe, chupa ya kahawia, karatasi ya manjano. Mkwe alilala siku mbili, akanishukuru kwa magoti. Siku ya tatu mtoto hakuamka vizuri. Sasa ni mzima, lakini hawatarudi kwangu, na sistahili warudi.

Siku ile ya hospitali nilitembea mpaka geti la chuo chako. Mlinzi akaniuliza namtafuta nani. Nikamwambia nimepotea.

Kila Jumatano nasimama kliniki mbele ya akina mama na bango langu, nawaambia wasiwape watoto dawa bila kuuliza. Utaniambia nilifikiri nini. Nilifikiri dereva atasoma. Nilifikiri ofisi nzima itajua kabla yako. Nikaandika "mpakate". Nikasema huyu ni mwerevu, ataelewa, atamwamsha, ataona haamki. Nikalala nikiamini nimekwambia.

Sasa nisikilize kama kaka yako. Usiende. Mtoto harudi. Ukienda, chuo kitakutoa, ofisi itakutoa, na yule mama bado atakuwa ndiye aliyeshika kijiko. Na watakuuliza ni nani mwingine aliyekuwa anajua. Sikwambii unitaje, sikwambii usinitaje. Nimebakiza miezi michache kustaafu. Nakuomba tu.

Mkongwe


Tarehe 9 Julai

Mkongwe,

Barua hii imepita posta. Dereva ataikosa.

Nilikwenda. Mpelelezi ni kijana mpole, alinivutia kiti. "Mama, ulikuwa unafanya nini pale?" Nikamwambia nasoma. "Unasoma nini?" Nikamwambia nasoma kumtazama mtoto. Akaweka kalamu chini. "Na wewe ni afisa wa watoto." Ndiyo. "Miaka mingapi?" Nikamwambia. "Na ulikiona kijiko." Nilikiona. "Ukasema nini?" Akasubiri, nikaona anasubiri jibu la kuandika, nami sikuwa nalo, akaandika hilohilo.

Nilimweleza yote. Kwamba aliniuliza kwa macho, na mimi nikalipeleka lile swali lake darasani badala ya kumjibu. Kwamba pumzi ilikawia, nikakataa maji, nikakaa. Kwamba kuna mtu mwingine aliyejua dawa ile inafanya nini, akaniandikia fumbo. Nimekutaja, kwa jina na cheo. Sikufanya kwa hasira. Hasira ningependa kuwa nayo, ingenisaidia kutembea.

Wamemtoa mama kwa dhamana. Tulipishana mlangoni. Mumewe amerudi, mrefu kuliko picha, alimshika kiwiko kama anamvusha barabara. Hawakunitazama.

Chuo kimenisimamisha, na ofisi pia. Mama wa mahabusu ya watoto ndiye pekee aliyenisindikiza mpaka getini. Alinibebea begi. Hakusema kitu, na safari hii sikujua kama ni adabu au ni hukumu.

Usinijibu mpaka wakuite. Wakikuita, sema.

Mimi


Tarehe 20 Agosti

Kwa Dada,

Kesi wameifuta. Mwanasheria anasema ni kwa sababu ya maneno yako. Nimepewa onyo na karatasi ya kusaini.

Sijakusamehe. Sijui kama nitakusamehe, na sikuandikii kwa ajili hiyo.

Mume wangu alimwona mtoto mara mbili tu, yuko njiani siku zote. Sasa akikaa ananiuliza alikuwaje. Alikuwa anapenda nini? Alikuwa anafanya nini mchana? Nafungua mdomo sina kitu. Mashine yangu inaelekea dirishani kwa ajili ya mwanga, na kitanda kilikuwa nyuma yangu. Nikifumba macho naona kaptula za bluu. Nazikumbuka zote, hata ile niliyokosea mfuko. Yeye simwoni.

Wewe ulikuwa unamtazama. Saa nzima kila wiki, hukuwa na kazi nyingine. Niandikie. Usiniandikie habari za dawa, hizo nimeshasomewa. Usinipambie. Niandikie alivyokuwa akiwa macho.

Mama yake


Tarehe 27 Agosti

Mama yake,

Naandika bila zile karatasi zangu, chuo kimezichukua. Haya ni yale niliyobaki nayo.

Mwezi wa pili alikuwa macho karibu saa nzima. Alipenda mguu wa kushoto kuliko wa kulia, aliutoa kwenye shuka kila ulipomfunika. Aliijua mashine yako. Ulipokanyaga, yeye alipiga miguu, na alipiga kwa kasi yako, ukienda mbio naye mbio. Uliposimama kukata uzi, alisimama. Alishika pumzi, macho yamekazwa mgongoni kwako, mpaka uanze tena. Nilidhani imetokea tu. Wiki iliyofuata nikaangalia tena, akafanya vilevile, kila uzi.

Siku moja uliangusha mkasi ukasema neno baya, kisha ukajiziba mdomo kwa sababu yangu. Yeye alicheka. Hukumwona, ulikuwa umeinama. Kilikuwa kicheko kifupi chenye kwikwi mwishoni, na ilionekana kimemshangaza mwenyewe, kwa sababu baadaye alitazama huku na huku kama anatafuta nani amecheka.

Alikuwa na mchezo na mwanga. Jua likipita kwenye kitambaa chekundu ulichokuwa umetundika, ukuta wa kitandani uligeuka mwekundu, naye aliugusa kwa ngumi, akaitazama ngumi, akaugusa tena. Alilia ulipotoka nje kuchota maji, akanyamaza aliposikia ndoo inarudi, kabla hujafika mlangoni. Alikujua kwa ndoo.

Mara moja alinitazama mimi. Alinitazama kwa muda mrefu, bila woga, kisha akarudi kwenye mgongo wako.

Hayo ni ya mwezi wa pili na mwanzo wa mwezi wa tatu. Baada ya hapo nilikuja wiki nyingi, nikakaa, nikatazama. Sina cha kukuandikia. Alikuwa amelala.

Niliyekuwa nakuja Jumanne